NCHI JIRANI: UGANDA NA SIGARA ISIYOWASHWA KWA KIBERITI

Tarehe 28 Julai 2015 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku. Rais Yoweri Museveni aliitia saini mwezi Septemba mwaka ule ule, na ilipofika Mei 2016 sheria hiyo ikaanza kutumika katika nchi nzima. Habari za siku zile zilieleza zaidi juu ya marufuku ya kuvuta sigara mahali pa hadhara, na katika eneo la mita 50 kutoka mahali hapo. Juu ya picha za maradhi zitakazofunika asilimia 65 ya pakiti. Na juu ya vijana wasiotimiza miaka 21 kukatazwa kuuziwa tumbaku. Lakini ndani ya sheria ile kulikuwa na jambo jingine ambalo wengi hawakulitilia maanani. Ilipigwa marufuku pia kuingiza nchini, kutengeneza, kusambaza na kuuza sigara ya kielektroniki, ile ambayo vijana wa mijini huiita vepu.

Wakati ule Waganda waliopata kukiona kifaa hicho kwa macho yao walikuwa wachache. Ni nadra dola kukikataza kitu kabla hakijaenea. Kwa kawaida sheria hufika nyuma ya madhara, kama askari wa doria afikaye wakati mwizi amekwisha kuruka ukuta. Mazungumzo ya leo yanakusudia kueleza kwa nini jirani zetu walichagua kutangulia, na ni nini kilichojulikana, na ambacho hakijajulikana bado, kuhusu mvuke huo na mapafu ya binadamu. Tunawaelekea hasa wasikilizaji wetu walioko makambini na katika vituo vya polisi, maana historia ya sigara na historia ya askari zimefungamana kwa muda mrefu.

Uganda haikuwa mgeni wa tumbaku. Kampuni ya Waingereza ya British American Tobacco ilifungua kiwanda cha sigara mjini Jinja mwaka 1928, na wakulima wa West Nile, huko Arua na vitongoji vyake, wakawa wanalima jani la kukilisha. Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliitwaa kampuni hiyo; katika miaka ya 1980 ikarudishwa kwa wenyewe. Vizazi vitatu vya wakulima vilisomesha watoto kwa fedha ya tumbaku. Kwa hiyo wabunge waliokaa Kampala mwaka 2015 walikuwa wakizungumzia kitu walichokijua tangu utotoni, nao walikwisha kuona mwisho wake katika wadi za hospitali. Aliyeuleta muswada huo bungeni, Dakta Chris Baryomunsi, alikuwa mganga kabla ya kuwa mwanasiasa.

Na sigara yenyewe ina historia ambayo yafaa kukumbukwa. Kabla ya mwaka 1880 ilikuwa ikisokotwa kwa mkono, kwa hiyo ilikuwa chache na ghali. Ndipo kijana mmoja wa Kimarekani, James Bonsack, akabuni mashine iliyoweza kutoa sigara zaidi ya 100,000 kwa siku moja. Bidhaa ikawa nyingi kuliko wanunuzi, na wanunuzi wakatafutwa. Vita Kuu ya kwanza ikawaleta kwa mamilioni. Kiko kilikuwa kitu cha mtu aliyetulia kitini. Sigara ilitosha katika handaki, kwa dakika tano kati ya kombora na kombora. Mwaka 1918 serikali ya Marekani iliingiza tumbaku rasmi katika posho ya askari wake. Katika Vita Kuu ya pili sigara ziliwekwa ndani ya masanduku ya chakula cha vitani pamoja na biskuti na nyama ya kopo, na Marekani haikuziondoa mpaka mwaka 1975. Majeshi ya kikoloni hayakuwa tofauti sana, na wako wana wa Afrika Mashariki walioondoka makwao kwenda kupigana Burma na kurudi mwaka 1945 na 1946 wakiwa wavutaji.

Askari wa zamani walikuwa na mwiko kwamba kiberiti kimoja kisiwashe sigara tatu. Ilisemekana kwamba kwa sigara ya kwanza adui anauona mwanga, kwa ya pili analenga shabaha, na kwa ya tatu anapiga risasi. Hawakujua kwamba hata yule wa kwanza, ambaye risasi haikumfikia, alikuwa amekwisha kupata jeraha lake ndani ya kifua.

Hawakujua, kwa sababu jeraha hilo halionekani upesi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo zima, na tunaomba msikilizaji azingatie miaka. Mashine ya Bonsack ni ya mwaka 1880. Ushahidi mkubwa wa kwanza kwamba sigara inaleta saratani ya mapafu ulitolewa mwaka 1950, pale Richard Doll na Austin Bradford Hill walipochapisha uchunguzi wao uliofanywa katika hospitali 20 za London. Kati ya wanaume 649 wenye saratani ya mapafu waliowahoji, wasiovuta walikuwa 2 tu. Doll mwenyewe alikuwa mvutaji, akaacha. Ikapita miaka mingine 14 kabla ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani kutoa taarifa yake ya mwaka 1964. Kati ya mashine na ushahidi ilipita miaka 70, na kati ya ushahidi na kauli ya dola hiyo kubwa ikapita 14. Muda wote huo makampuni yaliuza, na askari walivuta. Saratani huchukua miaka 20 au 30 tangu mtu aanze kuvuta; kijana wa miaka 18 anayejifunza kambini hulipa deni hilo akiwa na umri wa kustaafu. Leo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Sasa tuje kwenye kifaa chenyewe. Wazo la sigara isiyoungua si jipya. Mmarekani Herbert Gilbert wa jimbo la Pennsylvania aliomba hati ya ubunifu wake mwaka 1963 na kuipata mwaka 1965, lakini hapakutokea mtu wa kuitengeneza. Aliyefaulu ni Mchina, mfamasia aitwaye Hon Lik, mwaka 2003. Yeye alikuwa mvutaji mkubwa, na baba yake, mvutaji pia, alifariki kwa saratani ya mapafu. Alitafuta njia ya kupata nikotini bila moshi. Haifai kumdhania vibaya mtu huyo. Nia yake ilikuwa ya mtu anayejaribu kujiokoa.

Namna kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza. Ndani yake kuna betri, uzi wa chuma unaopata moto, na kiasi kidogo cha maji mazito. Maji hayo ni mchanganyiko wa propilini glaikoli na gliserini, pamoja na nikotini na viungo vya kutia ladha: embe, mnanaa, vanila na vingine vingi. Mtu anapovuta, chuma hupata joto, maji hugeuka kuwa ukungu, na ukungu huo huingia kifuani. Hakuna jani linaloungua. Kwa sababu hiyo hakuna lami ile nyeusi ya sigara, na gesi ya kaboni monoksidi, inayomnyang'anya mvutaji wa sigara oksijeni katika damu, haipo kwa kiasi kile. Hiyo ni tofauti ya kweli.

Makampuni ya tumbaku hapo mwanzo yalikitazama kifaa hiki kama adui, kisha yakakinunua. Mwaka 2013 kampuni ya Imperial Tobacco ya Uingereza ilinunua biashara iliyotokana na ubunifu wa Hon Lik kwa dola milioni 75. Mwezi Desemba 2018 kampuni ya Altria, watengenezaji wa Marlboro huko Marekani, ililipa dola bilioni 12.8 ili kupata asilimia 35 tu ya kampuni ya Juul. Mtu halipi fedha za namna hiyo kwa ajili ya kuwasaidia wateja wake waache kununua.

Juul ilianza kuuzwa mwaka 2015, mwaka ule ule wa sheria ya Uganda. Umbo lake lilifanana na kile kijiti cha kuhifadhia kazi za kompyuta, na nikotini yake ilitengenezwa kwa namna ya chumvi, ambayo haikwaruzi koo. Nikotini ya kawaida inapozidi humkoresha kohozi anayejifunza, na ukali huo ulikuwa kama mlinzi mlangoni. Mlinzi huyo akaondolewa. Kufikia mwaka 2019, zaidi ya robo ya wanafunzi wa shule za sekondari za juu nchini Marekani walisema wametumia sigara ya kielektroniki katika siku 30 zilizopita. Wengi wao hawakuwa wakiacha sigara ya kawaida, kwani hawakuwahi kuianza.

Katika kiangazi cha mwaka huo huo, waganga wa majimbo ya Wisconsin na Illinois walianza kupokea wagonjwa wa ajabu. Walikuwa vijana, wengi wao wanaume, wenye miili iliyoonekana kuwa na nguvu, waliokuja wakihema, wakikohoa, wakiwa na homa, maumivu ya kifua, kichefuchefu na kuhara. Picha za eksirei zilionyesha mapafu yaliyojaa ukungu pande zote mbili. Viini vya nimonia vilitafutwa, havikupatikana. Baadhi yao walitiwa mashine ya kupumulia siku chache tu baada ya kujisikia vibaya. Lililowaunganisha ni kwamba wote walikuwa wakivuta mvuke. Hadi tarehe 18 Februari 2020 walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, katika majimbo yote 50, na waliothibitishwa kufa walikuwa 68. Nusu ya wagonjwa hao walikuwa hawajapita umri wa miaka 24, yaani umri wa kuruta na koplo.

Wachunguzi wa serikali ya Marekani walichukua maji kutoka ndani ya mapafu ya wagonjwa 51. Katika 48 kati yao walikuta kitu kiitwacho asetati ya vitamini E, na katika watu 99 wazima waliolinganishwa nao hawakukikuta kabisa. Kitu hicho ni mafuta. Kikinywewa katika kidonge au kupakwa ngozini hakina neno. Lakini walanguzi waliokuwa wakiuza mafuta ya bangi kwa ajili ya vifaa hivi walikitumia kuzimulia bidhaa yao ili ionekane nzito na safi, na kilipopata moto kikafika mahali ambapo hakikukusudiwa kufika kamwe. Kwa hiyo ni lazima kusema kweli: balaa la mwaka 2019 lilitokana zaidi na mafuta ya bangi ya magendo kuliko nikotini ya dukani. Wako waliotumia habari hiyo kukitakasa kifaa chote. Sisi tunaona funzo lake kwa polisi ni zito zaidi: chombo kinachoweza kujazwa maji yoyote, na ambacho anayekitumia hawezi kujua kwa macho wala kwa ladha kilichomo, ni chombo cha hatari hata kama yale maji ya kwanza yalikuwa halali.

Kuna kisa kingine cha Marekani, cha kabla ya hapo, ambacho si cha sigara hata kidogo. Mwaka 2000 katika jimbo la Missouri waligunduliwa wafanyakazi 8 wa zamani wa kiwanda cha bisi, yaani mahindi ya kulipuliwa, wakiwa na ugonjwa wa nadra wa vijibomba vidogo vya hewa ndani ya mapafu. Vilikuwa vimepata makovu na kuziba, na makovu hayo hayatibiki. Chanzo kilionekana kuwa mvuke wa kitu cha kutia ladha ya siagi, kiitwacho daisetili. Walaji wa bisi hizo hawakudhurika. Waliodhurika ni waliokuwa wakisimama juu ya mapipa na kuvuta mvuke wake. Daisetili hiyo hiyo ilikuja kukutwa katika baadhi ya maji ya sigara za kielektroniki, na Uingereza ikaikataza humo mwaka 2016. Hatusemi kwamba wavutaji wa mvuke wamepata ugonjwa ule wa Missouri, kwa maana jambo hilo halijathibitishwa. Tunasema kwamba neno la muuzaji, kuwa ladha zake zimeruhusiwa katika vyakula, halimaanishi lolote kifuani. Tumbo lina asidi na ini la kulilinda. Mapafu yana mamia ya mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno, vilivyoumbwa kupokea hewa peke yake.

Waingereza wana mtazamo wao, nao si wa kupuuzwa. Mwaka 2015 idara yao ya afya ya umma ilitangaza makadirio kwamba kuvuta mvuke kuna madhara pungufu kwa asilimia 95 kuliko kuvuta sigara, na waganga wao huwashauri wavutaji wakongwe kubadilisha. Majaribio mengi yaliyofuata yameonyesha kwamba baadhi ya wavutaji huweza kuacha sigara kwa msaada wa kifaa hiki, hata kuliko kwa vibandiko vya nikotini. Mtu wa miaka 50 anayevuta pakiti mbili kwa siku anaweza kupata nafuu kwa njia hiyo. Lakini makadirio yale yalikuwa maoni ya kikundi cha wataalamu na si matokeo ya kuwafuata watu kwa miaka 30, kwa sababu miaka 30 ilikuwa haijapita. Nayo hayamhusu kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote. Na Uingereza hiyo hiyo, kuanzia tarehe 1 Juni 2025, imekataza kuuzwa kwa vepu za kutumia mara moja na kutupa, ambazo zilikuwa zimejaa katika mikoba ya watoto wa shule.

Hivyo Waganda walikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kungoja, kama dunia ilivyongoja kutoka mwaka 1880 hadi mwaka 1950. Ya pili ilikuwa kufunga mlango. Walifunga. Yuko atakayeuliza, na ni haki yake kuuliza, imekuwaje nchi ikaacha sigara ya kawaida iendelee kuuzwa, ambayo kwa hakika inaua, na kukataza ile ambayo huenda inaua kidogo? Swali hilo halina jibu safi. Ukweli ni kwamba sigara ilikuwa na wakulima, maduka, kodi na mamia ya maelfu ya wavutaji. Sigara ya kielektroniki haikuwa na mtu. Serikali hupigana pale inapoweza kushinda. Kampuni ya sigara haikukubali kushindwa kirahisi. Ilikwenda katika Mahakama ya Katiba mwaka 2016 kupinga sehemu kadhaa za sheria ile, na mwezi Mei 2019 mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo.

Jirani yetu wa kaskazini mashariki, Kenya, alikwenda kwa njia nyingine. Sheria yake ya Udhibiti wa Tumbaku ni ya mwaka 2007, wakati ambapo kifaa cha Hon Lik kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kutoka China. Sheria haikukitaja, na biashara ikapita katika pengo hilo. Vepu zikauzwa waziwazi mijini, na baadaye vikaja vifuko vya nikotini vya kubanwa chini ya mdomo, ambavyo mwaka 2020 waziri wa afya alisema vimesajiliwa kinyume cha sheria.

Kuhusu shisha, Kenya ilichukua hatua kali mwezi Desemba 2017, mwezi ule ule ambao Rwanda nayo iliikataza. Lakini ilifanya hivyo kwa kanuni za waziri, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikataka utaratibu wa kanuni hizo urekebishwe katika muda wa miezi 9. Askari waliendelea kukamata. Mwezi Januari 2024, mahakama ya Shanzu huko Mombasa iliona kwamba utaratibu haukukamilishwa, ikaamuru watu 48 walioshtakiwa kwa kuuza na kuvuta shisha waachiliwe. Polisi walikuwa wamefanya kazi yao usiku, wakabeba vyombo, wakaandika maelezo. Kilichopungua kilikuwa karatasi ambayo haikuwa juu yao kuiandaa. Uganda haikuingia katika tatizo hilo, kwa kuwa marufuku yake imo ndani ya sheria ya Bunge yenyewe.

Kwa wanajeshi limebaki jambo moja ambalo halihusu mapafu. Betri za vifaa hivi ni za lithiamu, na zikiharibika hulipuka na kuwaka kwa moto usiozimika upesi. Baada ya ajali kadhaa za namna hiyo, Jeshi la Maji la Marekani lilikataza vepu ndani ya meli, nyambizi na ndege zake zote kuanzia Mei 2017. Mkuu wa ghala la baruti ataelewa bila kuelezwa zaidi. Na mkuu wa gadi yafaa ajue kwamba nikotini ni nikotini, iwe ya moshi au ya mvuke: inapanda upesi kichwani na kushuka upesi, na mlinzi aliyeizoea akiikosa kwa saa chache huwa na hasira, hatulii, na macho yake hayakai mahali alipopangiwa kuyaweka.

Kwa wale walioko mipakani, huko Busia, Malaba na hapa kwetu Mutukula, hali ndiyo hii. Mji wa Busia umekatwa na mpaka katikati. Bidhaa inayouzwa dukani upande wa Kenya ni magendo ikivuka upande wa Uganda, na mwendo wenyewe ni wa dakika chache kwa baiskeli. Mara nyingi haina harufu ya tumbaku, kwa hiyo pua haitasaidia. Pengine ina harufu ya embe. Huweza kuwa na umbo la kalamu, au la kijiti cha kompyuta, na askari asiyeifahamu atakapoikuta katika begi la msafiri ataitazama, ataigeuza, kisha atamrudishia mwenyewe na kumwambia apite.